Bustani ya mboga na viungo nyuma ya nyumba katika Nyanda za Juu Kusini: anza Februari, usisubiri Novemba

Wengi wetu tunaoishi Mbeya, Iringa na Njombe huikumbuka bustani ya nyumbani pale mvua za kwanza zinapodondoka mwezi wa Novemba. Jembe hutolewa stoo, mbegu humwagwa siku hiyo hiyo, na ifikapo Januari chainizi imeoza kwa unyevu, nyanya zimebabuka majani kwa ukungu, na mwenye bustani amekata tamaa akiamini kwamba hana mkono wa kilimo. Mimi nina kipande cha mita 6 kwa 4 nyuma ya nyumba, upande wa Uyole, na nilirudia kosa hilo misimu mitatu kabla ya kutambua kwamba tatizo lilikuwa kalenda. Katika nyanda hizi mboga nzuri kuliko zote ni zile zinazoanzia kitaluni Februari au mwanzoni mwa Machi, mvua ikiwa bado inanyesha, zikahamishwa bustanini mvua inapopungua, na kuliwa katika miezi mikavu na ya baridi.

Sababu yake ni hali ya hewa yetu. Mji wa Mbeya uko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa joto hupungua kwa karibu nyuzi 0.6 za Selsiasi kila unapopanda mita 100, sisi huishi katika hewa yenye ubaridi wa nyuzi kama 10 zaidi ya watu wa pwani. Vilevile tuna msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza Novemba na kuishia Aprili au Mei, tofauti na mikoa yenye vuli na masika. Ushauri ulioandikwa kwa ajili ya Dar es Salaam au Tanga kwa hiyo haufai kufuatwa hapa neno kwa neno. Tukuyu, wilayani Rungwe, nao wana mambo yao, kwani hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka na udongo wao hukauka kwa nadra, kwa hiyo msomaji wa Rungwe apunguze maji katika maelezo yanayofuata na azidishe mifereji.

Hatua ya kwanza: chagua mahali kwa kufuata jua la Juni

Usichague mahali pa bustani kwa kuangalia jua la Desemba. Sisi tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi wa Juni jua la adhuhuri huwa limeegemea upande wa kaskazini, na vivuli vya nyumba, kuta na miti hulala upande wa kusini. Kwa Mbeya, ukuta wa mita 2 hutupa kivuli cha zaidi ya mita 1 kusini mwake hata saa sita mchana, na asubuhi na jioni kivuli huwa kirefu zaidi. Mboga iliyopandwa katika ukanda huo itadumaa kipindi chote cha baridi hata ukiijaza samadi. Upande wa kaskazini wa nyumba ndio wa thamani: ukuta wa matofali hunyonya joto mchana na kulitoa taratibu usiku, na hapo ndipo mimea inayoogopa baridi, kama mrehani na pilipili, inapopaswa kupewa nafasi.

Jambo la pili ni mteremko. Hewa baridi ni nzito na hutiririka kama maji kuelekea bondeni, kisha hutuama panapokuwa na kizuizi. Kama kiwanja chako kina mteremko na ukuta upande wa chini, pembe ile ya ukuta ndiyo itakayokuwa ya kwanza kupigwa na baridi kali. Hapo weka biwi la mboji au banda la kuku.

Hatua ya pili: mboji na samadi, miezi mitatu kabla

Udongo wa Uyole na sehemu kubwa ya Mbeya umetokana na majivu ya volkeno. Ni mwepesi, unalimika kwa urahisi, na ukiuchimba utakutana na vijiwe vyenye matundu ambavyo ukivitupa majini vinaelea. Udongo wa Iringa kwa sehemu kubwa ni mwekundu, hushikana ukilowa na hupasuka ukikauka. Aina zote mbili zinahitaji kitu kile kile, yaani mboji, ingawa kwa sababu tofauti: mwepesi uipate ili ushike maji, na mwekundu uipate ili upumue.

Ukitaka kupanda Machi, rundika mboji kuanzia Novemba. Tandika vijiti na mabua ya mahindi chini ili hewa ipite, juu yake weka majani mabichi, kisha samadi au udongo kidogo, kisha majani makavu, na urudie hadi rundo lifike kimo cha kiuno. Kwa majani mabichi sijaona yanayoshinda alizeti pori, ule mmea wenye maua ya njano unaoota kando ya barabara na mashamba yetu. Yana naitrojeni nyingi na huoza haraka, ila yakatwe kabla maua hayajakomaa mbegu. Chomeka kijiti kirefu katikati ya rundo. Baada ya wiki moja kichomoe na ukishike kwa kiganja: kikiwa cha moto, kazi inaendelea, kikiwa cha baridi na kikavu, mwagia maji, kikiwa cha baridi, kimelowa na kinanuka uvundo, pindua rundo na uchanganye majani makavu. Pindua kila baada ya wiki mbili au tatu, na ulifunike rundo wakati wa mvua kubwa ili rutuba isioshwe. Katika baridi yetu mboji huchukua miezi mitatu hadi minne kuiva.

Samadi nayo lazima iive. Mwaka wa kwanza nililetewa na muuzaji mmoja samadi ya kuku iliyotoka bandani wiki ile ile, nikaichanganya tutani na kupandikiza chainizi siku ya pili yake. Ndani ya siku nne kingo za majani zilikuwa za kahawia kama zilizopitiwa na moto, na miche zaidi ya nusu ikafa. Samadi iliyoiva haitoi harufu kali machoni, ni nyeusi, na ukiiminya mkononi inamegeka kama udongo wa msituni.

Wenye udongo wa asidi, hasa maeneo ya Rungwe, Njombe na Mufindi ambako chai hustawi, wanyunyize na jivu la kuni, konzi moja au mbili kwa mita moja ya mraba, na kulichanganya vizuri wiki kadhaa kabla ya kupanda.

Hatua ya tatu: matuta

Katika eneo langu la mita 6 kwa 4 nina matuta manne, kila moja likiwa na upana wa mita 1 na urefu wa mita 3, na njia za sentimita 40 kati yake. Upana usizidi mita 1, kwa sababu mkono lazima ufike katikati bila mguu kukanyaga udongo uliotifuliwa. Wakati wa mvua inua matuta hadi sentimita 20 ili maji yasituame. Kiangazi fanya kinyume: shusha uso wa tuta uwe chini kidogo ya njia, kingo zikiwa zimeinuka, ili kila tone la maji libaki kwenye mizizi. Kila tuta lipate ndoo mbili za lita 20 za samadi iliyoiva au mboji, zichanganywe katika sentimita 15 za juu.

Hatua ya nne: mbegu na kitalu

Nunua mbegu zenye lebo ya TOSCI, taasisi inayosimamia ubora wa mbegu nchini, na uangalie tarehe ya mwisho wa matumizi kabla ya kutoa fedha. Hata hivyo pakiti iliyokaa dukani dirishani juani inaweza kuwa imekufa kabla ya tarehe yake, kwa hiyo mimi hupima kila pakiti. Hesabu mbegu 20, zifunge katika kitambaa kilicholoweshwa, kiweke ndani ya mfuko wa nailoni na ukihifadhi jikoni mahali penye joto. Baada ya siku saba au nane fungua na uhesabu zilizochipua. Zikiwa 16 au zaidi, sia kama kawaida. Zikiwa 10, sia mara mbili. Zikiwa chini ya hapo, usipoteze wiki zako nne kitaluni.

Kitalu cha mita 1 kwa 1 kinaitosha familia. Lainisha udongo mpaka usibaki na bonge, chora mistari yenye kina cha sentimita 1 na nafasi ya sentimita 15, dondosha mbegu moja moja bila kuzirundika, fukia, tandaza nyasi kavu juu, kisha mwagilia kwa kopo lililotobolewa matundu madogo. Chainizi na sukuma wiki huchomoza baada ya siku nne hadi saba. Nyanya na hoho hukawia, na kukiwa na baridi huweza kupita wiki mbili. Mara uonapo miche ya kwanza, ondoa nyasi jioni ile ile, maana miche inayochelewa kupata mwanga hurefuka na kulegea. Kisha inua kichanja cha kimo cha goti au zaidi chenye nyasi au nailoni juu, kwa kuwa mvua ya Februari na Machi hupiga kwa nguvu na inaweza kuulaza mche mchanga kabisa.

Ugonjwa wa kuogopwa kitaluni ni kinyausi. Mche huwa mzima jana, leo umelala, na ukiuinua utaona shina limenywea usawa wa udongo na kuwa jembamba kama uzi. Chanzo chake ni vimelea vya udongoni vinavyopata nguvu miche inaposongamana na udongo kutokauka. Punguza miche, mwagilia asubuhi tu, na ung'oe iliyougua pamoja na udongo wake.

Baada ya wiki nne hadi sita mche huwa na majani halisi manne au matano na unafaa kuhamishwa. Wiki ya mwisho punguza maji na uondoe kivuli kidogo kidogo ili ukomae.

Hatua ya tano: kupandikiza

Fanya kazi hii jioni, au siku ya mawingu, baada ya kulowesha kitalu vizuri. Sukuma wiki ipewe sentimita 60 kati ya mistari na 45 kati ya miche, chainizi 40 kwa 30, spinachi 30 kwa 30, nyanya 75 kwa 50. Karoti hazipandikizwi: zisie moja kwa moja tutani katika mistari ya sentimita 20 au 25, kisha zing'olewe kupunguza msongamano hadi zibaki sentimita 5 kati ya mmoja na mwingine. Vitunguu saumu tenganisha punje na upande zile kubwa za nje tu, ncha ikitazama juu, mvua zinapoelekea kukatika.

Ukishaushindilia mche, shika jani moja na ulivute polepole. Mche ukitoka, hukushindilia vya kutosha na mizizi imebaki katika nafasi ya hewa. Jani likianza kuchanika kabla mche haujasogea, umepanda vema.

Asubuhi ya pili tembelea tuta mapema. Ukikuta mche umekatwa usawa wa ardhi na umelala pembeni, hiyo ni kazi ya sota. Fukua udongo kwa kidole kuzunguka shina, sentimita chache tu, na utamkuta kiwavi wa kijivu amejikunja kama pete. Muue, kwa sababu usiku ujao atahamia mche wa jirani. Kwa miche iliyobaki, kata chupa za maji za plastiki ziwe pete za kimo cha sentimita 8, uzivishe miche na kuzizamisha kidogo udongoni. Sota hawezi kupita.

Viungo vinataka uangalizi wa peke yake

Giligilani, au kotimiri kama inavyoitwa sokoni, ndiyo inayolalamikiwa kuliko viungo vyote kwamba haioti. Kile tunachokiona kama mbegu moja ya duara ni ganda lenye mbegu mbili ndani. Bibi mmoja jirani yangu alinikuta nikisia giligilani kwa mara ya tatu, nikamwamkia shikamoo, naye baada ya kuitikia aliinama, akaokota punje chache kiganjani na kusema, "Mwanangu, hizi bado zimefungwa, zitatokaje?" Akaziweka juu ya jamvi, akazipitishia chupa kwa kuisukuma taratibu mpaka kila punje ikagawanyika nusu mbili bila kusagika. Tuliziloweka usiku mmoja, tukazisia kesho yake kwa kina cha sentimita 1, na baada ya siku 12 mstari mzima ulikuwa wa kijani. Tangu siku hiyo sijawahi kusia giligilani nzima. Haipendi kupandikizwa, kwa hiyo isie pale pale itakapokaa, na usie mstari mpya kila baada ya wiki tatu ili usikose majani. Hapa baridi yetu ni neema: giligilani inayokimbilia maua mapema kwenye joto, huku hukaa na majani kwa muda mrefu zaidi.

Mnanaa hupandwa kwa kipande cha mzizi au shina, na huo usiupe tuta, utalimaliza lote. Uzike ndani ya ndoo ya zamani iliyotobolewa chini, mdomo wa ndoo ukibaki juu ya udongo kwa vidole viwili. Rozimari ipandwe kwa vipandikizi vya sentimita 10 hadi 15, majani ya chini yakiwa yameondolewa, katika udongo unaopitisha maji haraka. Wa Uyole unaifaa sana. Mchaichai hugawanywa kwa mashina yenye mizizi. Sakitu, yaani baridi kali ya usiku inayogandisha umande, ikiupiga majani hukauka, lakini ukiyakata chini na kufunika kitako kwa nyasi, huchipua tena joto likirudi. Mrehani hauvumilii baridi, upande Septemba.

Maji, matandazo na usiku wa sakitu

Kuanzia Mei bustani inakutegemea wewe. Kadiria lita 4 kwa mita moja ya mraba kwa siku, ambazo kwa matuta yangu manne ni ndoo mbili na nusu za lita 20. Baridi ikiwa kali mimea hutumia kidogo, na Septemba na Oktoba pepo zikivuma huhitaji zaidi. Maji ya kuoshea mboga na mchele yanafaa. Tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 5 kati ya mimea, ukiacha nafasi ndogo kuzunguka shina. Pima kwa kidole: chomeka mpaka kiungo cha pili, na kama ncha ya kidole inahisi ubichi, usimwagilie siku hiyo.

Juni na Julai kuna usiku wa sakitu, hasa Makete, Mufindi, uwanda wa Kitulo na mabonde yanayozunguka miji yetu. Dalili zake zinajulikana mapema: anga halina wingu hata moja, upepo umetulia kabisa, na jua likishazama ubaridi unashuka kwa haraka. Ukiona hivyo fanya mambo mawili. Kwanza, mwagilia udongo mchana wa siku hiyo, kwa kuwa udongo wenye unyevu huhifadhi joto kuliko mkavu, ila majani yawe yamekauka kabla ya jioni. Pili, kabla giza halijaingia, funika matuta kwa shuka kuukuu, viroba au mikeka ya nyasi iliyoegemezwa juu ya fito, bila kugusa majani, kwa maana jani linalogusana na kifuniko huungua kama lililoachwa wazi. Funua jua likishapanda. Sukuma wiki, kabichi, karoti, spinachi na vitunguu saumu huvumilia sakitu nyepesi, na nina hakika kwa kuonja kwamba sukuma wiki na karoti za Julai zina utamu kuliko za Januari. Maharage, maboga, nyanya na pilipili havivumilii.

Wadudu na magonjwa

Nyanya ndizo zinazoumiza kichwa. Bakajani chelewa, ule ukungu unaoacha mabaka meusi kama ya maji ya moto kwenye majani, ni ugonjwa mmoja na ule wa viazi mviringo, na nyanda zetu zimejaa viazi. Kwa hiyo usipande nyanya karibu na viazi wala mahali vilipotoka, na usizipande wakati wa mvua isipokuwa chini ya paa la nailoni. Zisie Juni mahali pa joto, uzihamishe Agosti baridi ikipungua, zivune kabla mvua za Desemba hazijashika. Zifunge kwenye mambo, yaani vijiti vya kuegemezea, na ukate majani ya chini yanayogusa udongo.

Vidukari kwenye chainizi na sukuma wiki huondolewa kwa maji yenye kijiko kimoja cha chai cha sabuni kwa kila lita, yanyunyizwe chini ya majani wanakojificha, na kurudiwa baada ya siku chache. Wengi huku hutumia pia majani ya utupa yaliyopondwa na kulowekwa, na hupanda mmea huo mipakani wakiamini unafukuza fuko. Utupa una sumu kali kwa samaki, kwa hiyo usioshee vyombo vyake mtoni wala bwawani. Ukilazimika kutumia dawa ya dukani, soma kwenye lebo idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna na uziheshimu zote. Wanaokula ni watoto wako.

Badilisha matuta kila msimu. Chainizi, figiri, kabichi na sukuma wiki ni ukoo mmoja. Nyanya, hoho, bilinganya, viazi na mnafu ni ukoo mwingine. Ukoo usirudi kwenye tuta lake kabla ya misimu miwili au mitatu kupita, na katikati weka maharage, karoti au vitunguu.

Kuvuna, na kuandaa mwaka unaofuata

Chuma sukuma wiki kuanzia majani ya chini, ukiacha matano au sita ya juu, na uyavunje karibu kabisa na shina ili kisibaki kikonyo cha kuoza. Ukichuma hivyo kila wiki, mmea mmoja utakulisha kuanzia Mei hadi Novemba. Miezi ya mvua usiiache bure: matuta yaliyopumzika yape mchicha, mnafu na maboga kwa ajili ya majani, mboga zinazoipenda mvua kuliko chainizi.

Miche miwili ya giligilani iache ichanue. Punje zikigeuka kahawia, kata mashina, yaning'inize kichwa chini ndani ya mfuko wa karatasi jikoni, na baada ya wiki mbili pukuchua. Hifadhi kwenye chupa kavu iliyozibwa vizuri, uandike mwezi na mwaka juu yake, kwa sababu Februari kitalu kinaanza upya na hutakumbuka ni zipi za mwaka jana.